Maswali ya Kadi: Mbona Mkono Hauji?

Mwezi huu barua nyingi zimekuja za Yu-Gi-Oh, lile gemu la kadi la kupambanisha majoka na wachawi, na karibu zote zinalia kilio kimoja: kadi kali ninazo, mbona mkononi haziji? Nimechagua hizi chache nizijibu kwa kirefu maana naona watu wanaacha gemu zuri kwa kitu ambacho kinarekebishika jioni moja tu ukikaa chini na deki yako, yaani rundo la kadi ulizozipanga za kuchezea.

Swali: Kaka habari za kazi. Mi niko Mwanza, nacheza Yu-Gi-Oh kwenye simu, ile Master Duel, huu mwezi wa nne sasa. Deki yangu ina kadi 60 kamili. Nimeweka Blue-Eyes White Dragon watatu, Dark Magician watatu, Red-Eyes wawili, vipande vyote vitano vya Exodia na mitego ya kutosha. Yaani hakuna kadi ya kizembe humo ndani. Lakini kila mechi ikianza nakuta madude matatu manne hayashuki, zamu ya pili nishakufa. Washkaji wanasema hili gemu ni bahati tu. Ni kweli?

Jibu: Mdogo wangu pole sana, na hao washkaji wako usiwasikilize kwa hili. Bahati ipo ndio, kadi zinachangwa hakuna anayejua ya juu ni ipi, lakini wewe ndo unaamua bahati ikufikie mara ngapi, na unaamua kabla mechi haijaanza, pale unapopanga deki.

Tuanze na hizo 60. Sheria inasema deki kuu iwe na kadi kati ya 40 na 60, na wengi wakishaona 60 inaruhusiwa wanajaza kama wanapakia mkaa. Sasa angalia hesabu. Unaanza na kadi tano mkononi. Kadi uliyoiweka nakala tatu kwenye deki ya 40, uwezekano wa kuiona kwenye zile tano za kwanza ni kama asilimia 34. Nakala zile zile tatu kwenye deki ya 60 zinashuka hadi asilimia 23. Hujabadilisha kadi hata moja, umeongeza tu nyingine 20 za kuizika. Kwa hiyo la kwanza kabisa, shuka hadi 40, na ukiona inakuuma kutoa kadi jua ndo unaanza kujenga deki sasa.

La pili, una deki tatu ndani ya deki moja, pengine nne. Blue-Eyes ni wa nyota 8 (nyota ndo daraja la kadi), Dark Magician na Red-Eyes ni wa nyota 7, wote hao ukitaka kuwaita kwa njia ya kawaida unatoa kafara mbili, yaani viumbe wako wawili walioko mezani, na kuita kwa kawaida ni mara moja tu kwa zamu. Kila mmoja ana kadi zake za kumsaidia ashuke kwa njia ya mkato, ila za Blue-Eyes hazimsaidii Dark Magician na za Dark Magician hazimjui Blue-Eyes. Na huyo Exodia ndo kabisa, yeye ukivishika vipande vyote vitano mkononi umeshinda hapo hapo, ila kila kipande unaruhusiwa kimoja tu. Ukitegemea vyote vitano vije mkononi mwanzoni kwenye deki ya 40, mikono inayowezekana ni 658,008 na unaoutaka wewe ni mmoja. Kwenye deki yako ya 60 mikono ni 5,461,512. Watu wanaomchezea Exodia wanajenga deki nzima ya kuvuta kadi kwa kasi, hawamuweki pembeni kama akiba.

Sasa chagua mmoja, na mi nakushauri Blue-Eyes kwa sababu watatu unao tayari na kadi zake zinaeleweka haraka. Na usidhani ni joka la watoto wa katuni tu, mwaka 2016 bingwa wa mashindano ya dunia kule Orlando, Marekani alishinda kwa deki ya Blue-Eyes.

Ngoja nikuonyeshe mkono mmoja, uwe nao hapo mezani unapousoma. Una Sage with Eyes of Blue, The Melody of Awakening Dragon, Trade-In, Return of the Dragon Lords na Ash Blossom. Angalia vizuri, hakuna joka hata moja humo! Unamuita Sage kwa kawaida, yeye akiingia anakuruhusu uchukue kadi ya nyota 1 ya mwanga ya ile aina inayoitwa tuner, unachukua The White Stone of Ancients. Unatumia Melody, inataka utupe kadi moja, unatupa lile jiwe, halafu inakuletea majoka mawili kutoka kwenye deki, unachukua Blue-Eyes mwenyewe na ndugu yake Blue-Eyes Alternative White Dragon. Alternative anashuka bila kafara yoyote, unachotakiwa ni kumuonyesha mpinzani kwamba Blue-Eyes unaye mkononi. Umeshamuonyesha? Basi sasa mtupe huyo Blue-Eyes uliyemuonyesha kwa Trade-In uvute kadi mbili mpya. Zamu inapoisha lile jiwe ulilolitupa linaamka makaburini, yaani kwenye rundo la kadi zilizotupwa, na kushusha Blue-Eyes mwingine kutoka kwenye deki. Hesabu sasa, mezani una Sage na majoka mawili ya nguvu 3000, mkononi zimebaki kadi nne, na mmojawapo ni Ash wa kumzuia mpinzani kwenye zamu yake, na Return ya kumfufua yule uliyemtupa. Kadi tano, kila moja imesukuma nyingine. Deki iliyotulia inafanya hivyo, na hapo hatujagusa hata Deki ya Ziada, lile rundo la pembeni la viumbe maalum.

Ndo maana ninapopanga deki kila kadi naiuliza swali moja tu, wewe unaanzisha, unaendeleza au unazuia? Ikikosa jibu inatoka, hata kama picha yake naipenda. Za kuanzisha ni zile ambazo ukiipata moja tu mkononi mambo yanaanza, kama Sage hapo juu. Za namna hiyo nataka 12 angalau, nikihesabu pamoja na zile zinazozitafuta. Kwenye deki ya 40 ukiwa nazo 12 utakutana na mojawapo kwenye mkono wa kwanza kwa asilimia 85, na ukiwa wa pili kucheza, maana wa pili anavuta ya sita, inafika 90. Hizo hizo 12 kwenye deki ya 60 unabaki na asilimia 69. Kwa hiyo karibu mechi moja kati ya tatu unakaa unaangalia tu, na hiyo ndo hali unayonielezea kwenye barua yako.

Na nakala ngapi? Unayotaka kuiona kila mechi weka tatu. Ile ambayo kadi nyingine itaenda kukuchukulia kwenye deki weka moja, maana hiyo kazi yake ni kukaa ndani isubiri kuitwa, ikija mkononi inakuchafulia tu.

Swali: Jambo muandishi. Mimi ni mama ya watoto wane, tulitoka Bukavu, sasa tuko Columbus, Ohio. Kijana wangu ana miaka 13, anacheza kadi za Yu-Gi-Oh na wenzake kwenye duka Jumamosi. Kila mwezi anaomba pesa ya kununua pakiti, anafungua, anasikitika, anaomba tena. Nyumba imejaa makadi na bado anasema hana deki. Nimukataze?

Jibu: Shikamoo mama. Usimkataze tafadhali, mtoto wa miaka 13 anayekaa mezani na wenzake anapiga hesabu na kusoma maandishi madogo vile yuko mahali pazuri. Ila pesa inapotea kweli, na kosa ni la pakiti. Pakiti ya kawaida ya Yu-Gi-Oh ina kadi 9 na hakuna anayejua zipi, unaweza kununua kumi na usipate nakala tatu za kitu kimoja. Deki inataka nakala, pakiti zinakupa mchanganyiko. Ndo maana nyumba imejaa na bado anasema hana deki, na mama, amini anasema kweli.

Fanya hivi. Kuna deki zilizopangwa tayari dukani zinaitwa Structure Deck, boksi moja lina deki nzima ya wazo moja, unatoa kwenye boksi unacheza siku hiyo hiyo. Wachezaji wazoefu wananunua maboksi matatu ya aina ile ile, kwa sababu ndani ya boksi kadi muhimu nyingi zinakuja moja moja na deki inazitaka tatu tatu. Wanachanganya maboksi yote wanachuja hadi 40. Pesa ya pakiti inaweza kufanya kazi hiyo. Baada ya hapo kama anapungukiwa kadi nne tano anazinunua moja moja, kwa jina, maduka mengi huko yanaziuza hivyo na nyingi za kawaida bei yake ni ndogo sana.

Halafu mama mwambie akuandikie kwenye karatasi kadi anazotaka na kila moja aeleze inafanya nini kwenye deki yake. Akishindwa kuieleza hainunuliwi mwezi huu. Mi naamini atakuandikia vizuri kuliko unavyotegemea, watoto wakiulizwa kwa heshima wanajibu kwa heshima. Na mnunulie mifuko ya plastiki ya kuvalisha kadi, zote rangi moja. Ila yale makopo ya mamia ya kadi kwa bei ya kutupa sokoni muyaache, mengi ni kadi feki na kwenye mashindano hazipokelewi.

Swali: Niaje. Niko Nairobi, mimi ni wa Pokémon, sio Yu-Gi-Oh. Nimejenga deki ya Charizard, Venusaur na Blastoise, energy za moto, majani na maji zote ziko ndani. Pokémon wa msingi niko nao sita, wawili wawili. Nimechoka kuonyesha mkono wangu kila game inapoanza juu sina wa msingi. Nifanyeje?

Jibu: Poa sana, karibu, Pokémon nao wana nafasi yao hapa. Ugonjwa ni ule ule wa kijana wa Mwanza, tofauti ni kwamba huku deki lazima iwe 60 kamili, haipungui haiongezeki, kwa hiyo huwezi kupunguza kadi, unapunguza mawazo.

Unavuta saba mwanzoni, na bila Pokémon wa msingi hata mmoja, yaani wa kushuka moja kwa moja bila kutokea kwa mwingine, huwezi kuanza. Ukiwa na wa msingi sita tu ndani ya 60, mkono unakuja mtupu asilimia 46 ya wakati, karibu nusu! Na kila ukionyesha mkono mtupu ukachanganya upya, mpinzani anaruhusiwa kuvuta kadi ya ziada, yaani unamlisha kabla hamjaanza. Ukipandisha hadi wanane inashuka kuwa asilimia 35, ukifika kumi na wawili ni 19.

Achana na Venusaur na Blastoise, baki na Charizard na moto peke yake. Weka Charmander wanne, Charizard watatu, Charmeleon mmoja au wawili basi, kwa sababu Rare Candy zikiwa nne zitakurusha kutoka Charmander hadi Charizard bila kupitia katikati. Nafasi zilizobaki za msingi wape wale wanaokusaidia kuvuta au kutafuta kadi. Halafu zile nafasi ulizokuwa umeweka energy za majani na maji zigeuze ziwe kadi za kutafuta, Ultra Ball nne na za kuvuta kama Professor's Research, maana hizo za kuvuta ni za aina ya msaidizi (Supporter), unatumia mmoja tu kwa zamu na usipokuwa naye mkononi zamu inapita hivi hivi.

Na kumbuka zile kadi sita za zawadi unazozifunika pembeni. Kadi uliyoiweka moja tu, mara moja katika kila mechi kumi itakuwa imelala humo. Kama bila hiyo kadi mpango wote unakwama, basi iwe mbili.

Swali: Mimi ni dada wa Tanga, nacheza Yu-Gi-Oh na binamu zangu. Niliona orodha ya deki iliyoshinda mashindano nikaitengeneza kama ilivyo, kadi kwa kadi. Bado nafungwa na binamu yangu mwenye deki ya kawaida kabisa. Nakosea wapi?

Jibu: Dada yangu, hukosei kuinakili, wote tunaanzia hapo. Ila aliyeipanga alishacheza nayo mamia ya mara na anajua kwa nini kila namba ni ile, wewe umepokea namba bila sababu zake. Binamu yako anaijua deki yake kama njia ya kwao, na hilo lina uzito mkubwa kuliko kadi ghali.

Mi ninavyojifunza deki mpya ni hivi, na naomba ujaribu wiki hii. Chukua daftari la shule, piga mistari. Changa deki vizuri, vuta tano, zilaze mezani zikiangalia juu, usicheze na mtu. Jiulize kwa mkono huu naweza kumaliza zamu yangu na nini mezani? Andika. Kama umeweza kufanya kile deki inachotaka, weka tiki. Kama ulifika nusu, weka mstari. Kama mkono umekufa weka msalaba, na pembeni yake andika jina la kadi iliyoua huo mkono. Rudisha, changa tena. Fanya mikono 30, ni kama saa moja na nusu hivi, chai ipo pembeni.

Mwisho soma ule upande wa misalaba. Majina yatajirudia, nakuhakikishia. Deki yangu ya mwisho niliyoifanyia hivi nilipata misalaba minane, na sita kati yake iliandikwa kadi ile ile, joka moja nililolipenda sana na niliweka matatu. Nikapunguza likabaki moja, nikaongeza kadi mbili za kuanzisha, nikarudia 30, misalaba ikawa mitatu. Sikununua kitu.

Jambo lingine, ile orodha ya bingwa ilipangwa kwa ajili ya wapinzani wa siku ile. Utakuta ina mitego ya mkononi mingi, yaani kadi za kumzuia mpinzani ukiwa bado umezishika, kama Ash Blossom na Infinite Impermanence, kwa sababu alijua atakutana na deki zinazotafuta kadi mfululizo. Kama binamu zako wanashusha joka moja na kushambulia basi, Ash atakaa mkononi mwako hana wa kumzuia. Toa mbili tatu weka kadi za kuvunja kilichoko mezani, maana hapo Tanga unayecheza naye ni binamu yako.

Swali: Nacheza Master Duel, Dodoma. Nivunje kadi zangu za zamani nitengeneze mpya? Na 41 badala ya 40 kuna shida?

Jibu: Kuvunja kadi moja ya kawaida kunakupa pointi 10 na kutengeneza moja ya daraja hilo hilo ni 30, kwa hiyo unatoa tatu unapata moja. Fanya hivyo kwa kadi ambazo una uhakika hutazigusa, na kwa ajili ya deki moja tu uliyoichagua, maana ukibadili mawazo wiki ijayo utavunja tena tatu. Kabla ya kuvunja chochote angalia kwanza orodha ya kadi zilizozuiwa ndani ya gemu lenyewe, ni tofauti na ile ya kadi za karatasi, usije ukatengeneza nakala tatu za kitu kinachoruhusiwa kimoja.

Kuhusu 41, tofauti ni ndogo mno. Lakini niandikie hiyo kadi ya 41 ni ipi na kwa nini imeingia.